Bega Ndani ya Jasi

Jasi ikianza kushika hutoa joto. Kila aliyewahi kuikoroga anajua. Unga mweupe unamwagwa majini, mkono unakoroga, na baada ya dakika chache ndoo inakuwa ya vuguvugu kama imeepuliwa jikoni. Mama mmoja, mtengeneza mapambo ya dari, alilijua hilo kwa miaka thelathini, akalisahau jioni moja tu. Jioni hiyo ndiyo inayosimuliwa hapa, ili mzazi mwingine asije akasahau analolijua.

Mwanawe walimwita Kona, kwa sababu hakuna aliyejua kuunganisha pembe za dari kama yeye. Pale vipande viwili vya jasi vinapokutana, wengine huacha ufa na kuuziba kwa rangi. Kona alikuwa akipitisha kidole kimoja chenye maji, na ufa haupo. Mama alifinyanga vipande chini ya banda la nyumbani, Kona alivipandisha juu. Nyumba nzima, yaani mama, Kona, mke wake na watoto wawili, ilikula kwa mikono ya hao wawili.

Jumamosi mchana Kona alikuwa kwenye ukumbi wa ofisi moja, juu ya jukwaa la mabomba. Ubao ukateleza. Hakuanguka chini, alidaka bomba kwa mkono wa kulia akaning'inia, na bega likachomoka. Mwenzake wa kazi alimrudisha nyumbani nyuma ya gari la kubebea mbao. Aliingia sebuleni akiwa ameukumbatia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga anayelala, akakaa kwenye kiti bila kuegemea.

Mke wake alimvua shati upande mmoja. Bega la mtu ni duara. Hili lilikuwa na pembe kama ya meza, na mbele, karibu na kwapa, palikuwa na uvimbe ambao haukuwa na kazi pale. Mke akasema twende hospitali, gari bado lipo nje.

Mama alisimama akitazama pembe ile. Alikuwa anaogopa, na woga wa mama una akili nyingi, ila zote zinakimbia upande mmoja. Aliona foleni, aliona mwanawe analala kwenye sakafu ya wodi, aliona watu wasiomjua wakimshika wanavyotaka. Ndipo akasema neno ambalo, ukilisikiliza haraka haraka, ni la akili kabisa.

"Hospitali watamfanya nini? Si watamfunga jasi? Na hiyo jasi yao inatoka wapi kama si kwenye gunia kama hili?"

Mwenzake wa kazi akacheka, akasema kweli, tena ya kwao wanaipima kwa vijiko. Mke alijaribu mara ya pili. Mama akamwambia kwa upole, upole ule unaofunga mlango, kwamba yeye mkwe aliikuta jasi nyumba hii, hakuja nayo. Mke akaenda kuwaondoa watoto.

Kazi ilifanywa banda la nyuma. Mama alimvalisha fulana nzito ili jasi isishike ngozi. Akachambua nyuzi za katani, akazichovya, akazungusha kwenye mkono, bega na kifua, tabaka juu ya tabaka, kama anavyofanya pambo refu lisivunjike njiani. Na kwa kuwa mkono wa mtu mzima ni mzito, alipitisha waya wa kufungia katikati ya matabaka, mizunguko miwili, akazisokota ncha kwa koleo chini ya kwapa, mahali ambapo hazitaonekana. Waya huo aliufunga peke yake. Kona alikuwa amefumba macho kwa maumivu, na mkewe alikuwa ndani na watoto.

Alipokuwa akilainisha juu kwa kiganja chenye maji, Kona alisema, "Mama, inachoma."

"Vumilia mwanangu. Ndiyo inashika."

Akavumilia. Naye alikuwa fundi, alijua jasi inavyoshika. Aliuma ukosi wa fulana mpaka joto likapita, na lilipopita wote wakashusha pumzi. Kilikuwa kipande kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya mama. Hakikuwa na tundu wala kovu, kimenyooka kama kimekatwa kwa uzi.

Jumapili majirani walikuja kukitazama. Mmoja alikigonga kwa kucha akasema hata risasi haipiti. Mwingine, mwenye goti la siku nyingi, aliuliza kama jasi imebaki. Kona alikaa kwenye kiti mchana kutwa, akicheka pale anapochekeshwa. Vidole vilivyotokeza chini ya jasi vilianza kunenepa. Mama alisema ni uvimbe wa kawaida, akavipaka mafuta.

Jumatatu asubuhi mke alimpa chai. Kikombe kilipita kwenye vidole kama kimepita hewani, kikagonga paja, na chai iliyotoka kuchemka ikamwagika juu ya vidole vya mkono wa kulia. Kona hakushtuka. Alibaki anautazama mkono ule, kama mtu anayetazama mkono wa jirani.

Mke wake hakupiga kelele. Aliweka sufuria chini, akajifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu. Akasema, "Mama, tunaondoka." Safari hii haukuwa ushauri.

*

Foleni ya hospitali ilitoka ndani ikapita mlangoni ikakunja kona ya jengo. Watu wenye maumivu wana ulimi pia, na Kona alipotokea, ameelekea mbele mzima mzima kwa kuwa hawezi kugeuza kiwiliwili, maneno yakaanza. Kijana mwenye mguu uliofungwa aliuliza kama huyu ni mgonjwa au ni nguzo. Bibi mmoja akajibu kwamba wengine wanakuja na mashuka, huyu kaja na ukuta wake. Walicheka, na Kona akacheka nao, lakini mama alijisikia kama amevuliwa nguo mbele za watu. Siku zote kazi yake ilisifiwa. Hakuwahi kusimama karibu nayo ikichekwa.

Muuguzi wa mezani alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Jina, umri, nini kimetokea. Alipouliza nani amemfunga, mama aliwahi kujibu kwamba ni mtu mmoja wa mtaani. Mke aligeuka akamtazama. Mtazamo ule mama aliubeba moyoni muda mrefu kuliko maneno yoyote.

Muuguzi akainua kichwa sasa. Alikishika kidole cha kati cha Kona, akaibana kucha mpaka ikawa nyeupe, akaiachia. Kucha ya mtu ukiibana inarudi rangi yake kabla hujafumba macho. Hii ilibaki nyeupe. Muuguzi aliitazama, midomo ikihesabu, kisha akasimama na kiti chake kikaanguka nyuma.

Hapo mama aliona jambo ambalo hakulitarajia. Jengo zima liligeuka kwa ajili ya kucha moja. Mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa, kitanda cha magurudumu kilitokea, mtu aliyekuwa anafagia aliweka ufagio akashika upande wa kitanda bila kuambiwa. Foleni iligawanyika. Bibi wa ukuta alisogeza miguu yake, akasema taratibu, "Mpitisheni, mpitisheni mtoto wa watu." Mama aliyekuwa akiogopa kwamba watamwacha sakafuni alilazimika kukimbia ili asiachwe nyuma. Mlangoni wakasema aingie ndugu mmoja tu. Mke akamsukuma mama mbele. "Nenda wewe. Wewe ndiye unayejua."

*

Chumba cha plasta, ndivyo wanavyoiita jasi ya hospitali, kilikuwa na sinki kubwa, meza ya bati na ndoo. Mama alishtuka kwa jinsi alivyokitambua. Vumbi jeupe lilikuwa kwenye pembe za sakafu, magamba makavu yameganda kwenye mfereji, na harufu ilikuwa ileile ya bandani kwake. Aliyefanya kazi humo alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, aproni yake nyeupe mpaka magotini. Pamoja naye alikuwepo daktari, mwanamke ambaye angeweza kuwa binti wa mama, mikono yake imekunjwa mpaka viwikoni.

Mzee wa plasta aligonga jasi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga sehemu nyingine, akasikiliza tena. Ndivyo mama mwenyewe anavyogonga dari. "Aliyefanya hii ana mkono," akasema. Mama akainamisha kichwa, na sifa ile ikamwingia kama mwiba.

Daktari alitaka kujua mambo matatu. Imefungwa lini, ilipata moto kiasi gani, na chini yake kuna nini. Mama akajibu Jumamosi, akajibu moto ulikuwepo kidogo, akajibu fulana. Kila jibu alilianza na "yule mtu alisema". Daktari alikuwa na vidole viwili shingoni mwa Kona na macho kwenye vidole vyake. Mama aliuliza kama hawatampiga picha kwanza.

"Picha itasubiri, mama. Vidole havisubiri."

Mzee akatoa msumeno. Ulikuwa wa umeme, kisahani chake cha meno kikubwa kama kifuniko cha chupa, na alipouwasha ulinguruma chumba kizima. Kona, ambaye tangu Jumamosi hakuwa amelia, alifumba macho na machozi yakatoka pembeni. Mzee hakumwambia usiogope. Aliuweka msumeno unaonguruma juu ya kiganja chake mwenyewe, akaubonyeza. Mama alishika mdomo. Mzee akainua kiganja, akakigeuza mbele ya macho yao wote. Hakikuwa na hata mkwaruzo. Akaeleza kwamba kisahani hakizunguki bali kinatetemeka tu. Kigumu kinakatika, ngozi inatetemeka nacho. Mama alikuwa ameikata jasi kwa misumeno ya kila aina maisha yake yote, na hakujua kwamba duniani kuna msumeno unaojua kutofautisha.

Mzee akasema ataanzia chini ya kwapa, panaonekana pembamba, akishapasua ataingiza koleo la kupanulia na kuitanua mpaka ifunguke. Akaweka kisahani mahali penyewe.

Mama alijua kilichokuwa pale. Chini ya unene wa kidole kimoja zilikuwepo ncha mbili za waya alizozisokota kwa mkono wake, zimeelekea ndani. Msumeno ungezigonga, mzee angedhani ni jasi ngumu angekandamiza, na lile koleo lingezisukuma kwenye nyama laini ya kwapa, panapopita damu yote ya mkono. Alijua pia kwamba akitaja waya ataulizwa amejuaje. Sekunde mbili zile zilikuwa ndefu. Aliona uso wa daktari ukimgeukia, aliona foleni yote ikisikia, aliona mkewe Kona nje ya mlango. Kisha akaiona kucha nyeupe.

"Fundi, simama. Kuna waya hapo."

Mzee akazima. Bomba la sinki likasikika likidondosha maji.

"Umejuaje?" daktari akauliza.

"Niliufunga mimi. Hakuna mtu wa mtaani. Ni mimi mama yake."

Kona akafumbua macho, akageuza shingo kadiri alivyoweza kumtazama. Mama alisubiri apigwe na maneno. Alikuwa tayari, angeyapokea yote. Lakini daktari alirudi nyuma hatua moja ili kumpa nafasi kwenye meza, na mzee akachomoa penseli nyuma ya sikio lake, akaipuliza vumbi, akampa.

"Basi chora, mama. Wewe ndiye mwenye ramani."

Akachora. Mkono ukakumbuka kazi. Mzunguko wa kwanza umepita hapa, wa pili vidole vinne juu yake, ncha ziko hapa, usiguse. Hapa katani ni tabaka tatu, hapa tano. Juu ya bega hakuna waya, pita hapo. Mzee aliufuata mstari wake bila kuuliza swali hata moja, msumeno ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na unga mweupe ukiwaangukia wote wanne kwenye nywele mpaka wakafanana kama watu wa ukoo mmoja. Akafika kwenye waya, akaukata kwa koleo taratibu, akauvuta kutoka nje. Ncha zile zilipotoka, moja ilikuwa na uzi wa fulana na doa la damu. Mzee alizitazama akaziweka kwenye bakuli.

Jasi ikafunguka vipande viwili kama ganda.

Juu ya bega palikuwa na lengelenge kubwa kama yai, mahali moto ulipopita. Daktari alitazama kwanza chini, kwenye kifundo cha mkono, akaweka vidole vyake, akafumba macho. Kisha akatingisha kichwa kukubali, mara moja, na mama alipotazama kucha ya kidole cha kati, ilikuwa inapata rangi, kutoka chini kwenda juu, kama kitambaa kinachonyonya maji.

*

Picha ilipigwa. Mfupa haukuvunjika, ila kichwa chake kilikuwa nje ya kiti chake, kimekaa mbele. Daktari alimwonyesha mama kwa ncha ya kalamu. Ndipo akasema yale ambayo mama aliyangoja, na hayakuwa ya kugomba, na kwa hiyo yalikaa.

"Plasta hairudishi kitu, mama. Inalinda kilichokwisha kurudi. Nyinyi mmefunga mlango mtu akiwa bado nje. Na bega la hivi hata plasta hatulifungi. Tunalitundika kwa kitambaa, kama hicho ulichojifunga kichwani."

Kona alichomwa sindano, akawa kama mtu anayesinzia kwenye ibada. Mama alidhani sasa wataita wanaume wa kuvuta, kama alivyowahi kusikia. Hawakuitwa. Daktari alikaa kwenye kistuli, akaushika mkono kwenye kiwiko kilichokunjwa, akaanza kuusogeza nje, polepole, polepole, akimwuliza Kona kuhusu dari. Pembe unaiungaje? Kona akajibu kwa ulimi mzito. Msuli ulipokaza, daktari alisimama akasubiri, hakushindana nao. Ulipolegea akaendelea. Mama aliutambua uvumilivu ule. Ni uvumilivu wa mtu anayengoja jasi, ambaye akiwahi ataharibu na akichelewa ataharibu. Yeye aliutumia kwa vitu vya kutundika juu ya vichwa vya watu. Hakujua kwamba unatumika kwa nyama.

Katikati ya neno la Kona kitu kikaingia mahali pake. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama droo inayofungwa chumba cha pili. Pembe ya meza ikatoweka, na bega likawa duara. Mama alilia kwa kuona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi.

Halafu daktari akachukua pamba, akamgusa Kona kidole kimoja kimoja, macho ya Kona yamefumbwa, aseme anapogusika. Dole gumba, hakusema. Cha shahada, hakusema. Cha kati, cha pete, kimya. Kidole kidogo, akasema labda. Daktari akaandika. Akawaeleza, mke naye akiwa ameitwa ndani, kwamba mishipa ya fahamu imebanwa siku mbili. Yaweza kuamka kwa wiki, yaweza kwa miezi. Hakuahidi. Mke alimshika mama mkono, akaushika hivyohivyo mpaka nje.

Mzee wa plasta aliwafuata mlangoni na ule waya na kile kipande cha bega, amekipangusa vumbi. Akampa mama, akamwambia aingize mkono ndani ya kipande, apapase. Jasi haisahau, imechukua sura kamili ya siku ile: pembe ya meza juu, na upande wa mbele bonde ambamo mfupa uliopotea ulikuwa umejificha. Mama alikuwa amelifinyanga kosa lenyewe, safi bila ufa.

*

Kila Jumanne walirudi. Kona alifundishwa kupandisha vidole ukutani kama buibui, kidogo zaidi kila wiki, na nyumbani mkewe alitia alama ya mkaa pale alipofika. Mama alifinyanga vipande na kuvirundika. Hakuna wa kuvipandisha. Kile kipande cha bega alikitundika kwa waya uleule mlangoni mwa banda. Jirani mwenye goti alipokuja tena kuulizia jasi, mama alimwambia aingize mkono ndani ya kipande hicho, akamwacha apapase mpaka mwenyewe autoe. Kisha akafunga banda, akamsindikiza mpaka kwenye ile foleni ya hospitali, akakaa naye.

Wiki ya saba alikuwa anakoroga. Kona alichuchumaa karibu naye, kitambaa kimekwisha kutoka shingoni, akatia mkono wa kulia kwenye ndoo kumsaidia, kama alivyokuwa akifanya kila siku bila kusikia chochote. Wakakoroga. Jasi ikaanza kuwa nzito.

Kona akasimamisha mkono.

"Mama," akasema. "Inachoma."

Mama aliiacha ndoo, akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili, akautoa. Safari hii hakumwambia avumilie. Alimwita mke wa Kona aje na maji baridi, akamwita tena, na mke alipotokea mlangoni akamkuta mama mkwe wake amekaa chini vumbini, ameukumbatia mkono mweupe unaotoa mvuke, anamwuliza Kona aseme tena, ni kidole kipi, ni kipi, na Kona anavitaja kimoja kimoja.